Nyanya Kuoza Kitako: Tatizo Liko Ndani ya Seli, Dawa ya Ukungu Haitasaidia

Linaanza doa dogo la majimaji upande wa chini wa tunda, pale ua lilipodondokea. Siku chache baadaye doa limepanuka, limedidimia na kuwa jeusi kavu. Mkulima anakwenda duka la pembejeo, anauziwa dawa ya ukungu, anapulizia, na matunda yanaendelea kuharibika. Fedha hiyo imepotea bure, kwa sababu hapo hakuna ukungu wa kuua. Weusi ule ni seli za tunda zilizokufa. Hata ukiona ukungu umeota juu ya kidonda, huo umekuja baadaye kujilisha sehemu iliyokwisha kufa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wanaohangaika na kuoza kitako wanaweza kuzuia tatizo hilo bila kununua dawa yoyote. Ila ni lazima kwanza ujue seli ya mmea imejengwaje.

Jani, mzizi na tunda vyote vimejengwa kwa seli, ndogo kiasi kwamba huwezi kuziona bila hadubini. Ndani yake mna kiini kinachobeba vinasaba, kwenye sehemu za kijani mna kloroplasti zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na mna mitokondria zinazoipa seli nguvu. Hizo tuziache kwa leo. Zinazotuhusu ni sehemu tatu: vakuoli, utando na ukuta.

Vakuoli ni mfuko wa maji unaochukua nafasi kubwa ya seli iliyokomaa. Mfuko ukijaa, seli hukaza. Ndiyo sababu jani husimama na nyanya huwa ngumu ukiibonyeza. Maji yakipungua, seli hulegea na mmea hunyauka. Utando umezunguka seli na ndio unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Nje ya utando kuna ukuta wa selulosi, na kati ya seli moja na jirani yake kuna tabaka la pektini linaloziunganisha. Kalsiamu ndiyo inayoikaza pektini hiyo, kama saruji kati ya tofali na tofali. Kalsiamu hiyo hiyo huuzuia utando usivuje.

Sasa fikiria tunda changa. Katika wiki mbili hivi za kwanza baada ya kutunga, seli zake hutanuka kwa kasi kubwa na zinahitaji kalsiamu kila siku. Ikikosekana, utando unavuja, maji ya ndani yanatoka, seli zinakufa. Kitako ndicho kilicho mbali zaidi na kikonyo, hivyo ndicho kinachopungukiwa kwanza.

Hapo mkulima atasema basi udongo wangu hauna kalsiamu. Mara nyingi si kweli. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikiwa imeyeyuka kwenye maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo hufuata mahali yanapopotea kwa wingi hewani, yaani kwenye majani. Ngozi ya nyanya haipotezi maji mengi, kwa hiyo tunda huambulia kidogo. Tena kalsiamu ikishafika kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Shamba likikauka siku kadhaa wakati matunda ni madogo, kile kidogo nacho kinakatika. Ukija kulimwagilia mpaka maji yatuame, seli zilizokwisha kufa hazifufuki, na mizizi iliyozama kwenye maji hukosa hewa na kushindwa kufanya kazi.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuweka unyevu usiopanda na kushuka, kuanzia maua yanapotoka hadi matunda yanapokaribia kuiva. Usimwagilie kwa kukisia. Chimba kwa kidole au kijiti kando ya shina hadi sentimita 15, chukua udongo, uufinye mkononi. Ukisambaratika kama vumbi, umechelewa. Ukishikamana bila kuchuruzika maji, uko sawa. Kichanga kinahitaji maji kidogo mara nyingi kuliko mfinyanzi. Weka matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Mwenye uwezo wa umwagiliaji wa matone asisite, maana hakuna njia nyingine inayolisha mizizi kwa utulivu kiasi hicho. Na wakati wa palizi, jembe lisizame karibu na shina. Mzizi uliokatwa hauleti maji wala kalsiamu.

Mbolea nayo ina mkono wake. Urea ina naitrojeni 46%, na ikizidi mmea hurusha majani mengi yanayoshindana na matunda. Zaidi ya hapo, naitrojeni iliyo katika umbo la amonia huibana kalsiamu isiingie mizizini kwa urahisi. Matunda yanapoanza kutunga, ni heri kukuzia kwa CAN (mbolea yenye naitrojeni na kalsiamu) au kalsiamu naitreti, kidogo kidogo, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina.

Umbali huo una sababu. Chukua vipande viwili vya kiazi mviringo, kimoja ukitie kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi, uviache saa chache. Cha kwanza kitakaza, cha pili kitalegea na kupindika, kwa sababu maji hutoka ndani ya seli kuelekea kwenye chumvi. Mbolea iliyorundikwa shinani hufanya hivyo hivyo kwa mizizi. Wanaomwagilia kwa visima vya maji ya chumvi huko pwani wapo kwenye shida hiyo hiyo, nao wasiache kabisa udongo ukauke, maana ukikauka chumvi hukolea zaidi.

Kama tatizo linarudi msimu hata msimu ilhali unyevu ni mzuri, pima udongo. Tanzania kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano na Chuo Kikuu cha Sokoine, Kenya kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Nyanya hupenda pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ya 6.0 hadi 6.8. Udongo ukiwa na tindikali, chokaa ya kilimo hurekebisha pH na kuongeza kalsiamu, lakini iwekwe wiki kadhaa kabla ya kupanda na kwa kipimo ulichopewa na maabara.

Kuhusu kalsiamu ya kupulizia, iguse tunda lenyewe lingali dogo. Ukiipulizia majani pekee umeyalisha majani pekee.

Usichanganye tatizo hili na bakajani chelewa, ambayo ni ugonjwa wa kweli na inahitaji dawa. Bakajani huanza popote kwenye tunda, mara nyingi juu karibu na kikonyo, na utaikuta pia kwenye majani na shina. Kuoza kitako hukaa kitakoni, hakuambukizi, na majani huwa safi. Aina zenye tunda refu kama Roma huathirika kwa urahisi zaidi, na pilipili hoho, biringanya na tikiti maji hupatwa na hali hiyo hiyo.

Matunda yaliyoathirika yachume mapema ili mmea usiendelee kuyalisha. Yaliyokwisha kuiva, kata sehemu nyeusi; iliyobaki, ikiwa haijaanza kuoza, inafaa kwa mboga ya nyumbani.