Jinsi ya kupima dawa ya lami ya joto la chini bila kupotoshwa na viskometa

Juzi nilimsaidia fundi sanifu mmoja wa maabara aliyekuwa amekata tamaa. Alitia kwenye lami dawa ya kuiwezesha kufanya kazi kwa joto la chini, akapima mnato (ugumu wa lami kutiririka) mara tatu kwa viskometa, namba haikusogea. Akaandika kwamba dawa ni mbovu. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili nzima hapo hapo, ndiyo maana naandika.

Mchanganyiko wa kawaida wa lami hupikwa kwa nyuzi joto 150 hadi 170. Dawa inaturuhusu kushuka nyuzi 20 hadi 40: mafuta ya kuchomea yanapungua, na vijana walio nyuma ya mashine ya kutandazia hawavuti moshi kutwa nzima. Ila dawa zenyewe si za namna moja. Nta kama Sasobit huyeyuka kwenye nyuzi kama 100, na juu ya hapo lami inakuwa nyepesi kweli, lakini nta ikipoa, inaikaza lami. Kemikali kama Evotherm, Rediset na Cecabase zinafanya kazi kama sabuni. Zinakaa pale lami inapokutana na jiwe, lami inatambaa vizuri juu ya kokoto, na mawe yanateleza rola inapopita. Mnato wa lami yenyewe unabaki karibu ule ule. Kwa hiyo yule kijana alipima sawasawa, ila alipima mahali ambapo dawa haifanyi kazi.

Hatua ya 1: Changanya. Pasha lami ya daraja la 60/70 hadi nyuzi 150. Dozi ya 0.5% kwa gramu 600 za lami ni gramu 3, basi tumia mizani inayopima uzito mdogo kwa usahihi, usikadirie kwa kijiko. Koroga taratibu dakika 20. Drili ya kasi inaingiza hewa, iache.

Hatua ya 2: Pima lami. Penetresheni (kina ambacho sindano inazama) kwa nyuzi 25, joto la kulainika kwa pete na gololi, mnato kwa nyuzi 135. Lami ya kulinganisha, isiyo na dawa, nayo ipashwe na kukorogwa muda ule ule, maana moto peke yake huikaza lami. Mnato usiposhuka, endelea mbele.

Hatua ya 3: Shindilia. Hapa ndipo jibu lilipo, na hapa ndipo watu wanapoharibu.

Tumia nyundo ya Marshall, uzito unaodondoshwa juu ya mchanganyiko. Najua wengi wanaipenda mashine ya jairetori, inayokanda mchanganyiko kwa kuuzungusha, kwa sababu ni ya kisasa, lakini inalazimisha pembe na mgandamizo ule ule, kwa hiyo haihisi sana joto likishuka. Nilishindilia nayo kwa nyuzi 150 na kwa 115, hewa iliyobaki ikatoka karibu sawa, nikadhani nimekosea hesabu. Nyundo inahisi joto.

Panga joto tatu, mfano 150, 135 na 120. Kila joto liwe na sampuli tatu zenye dawa na tatu zisizo na dawa. Jumla 18. Usiache zile zisizo na dawa kwenye joto la chini ili kuokoa muda, kwani bila hizo huna ushahidi wowote. Weka mchanganyiko kwenye oveni saa mbili kwenye joto la kushindilia, na moldi zipashwe pia. Kipimajoto kiingie katikati ya mchanganyiko, si pembeni. Uso unapoa haraka, na nyuzi 10 zikikupotea hapo umepima kitu kingine kabisa. Mapigo 75 kila upande, bila kusimama kupiga soga. Uzito wa juu kabisa wa mchanganyiko usio na hewa upime upya kwa kila joto, kwa sababu kokoto hazinywi lami kiasi kile kile.

Ikiwa hewa kwa nyuzi 120 yenye dawa inalingana na ile ya 150 isiyo na dawa, huku ile ya 120 isiyo na dawa ikiwa juu zaidi, dawa inafanya kazi.

Hatua ya 4: Angalia ulaini. Oveni ya kuzeesha lami kwa nyuzi 163, dakika 85, iliwekwa kwa ajili ya mchanganyiko wa moto. Lami iliyopikwa kwa 120 haizeeki kiasi hicho, hivyo barabara inaanza maisha ikiwa laini. Kwenye barabara ya malori mazito, pima mfinyo wa magurudumu (kina cha alama linaloacha gurudumu likipita mara nyingi) kwa nyuzi 60 kabla ya kusaini chochote.

Hatua ya 5: Maji. Shindilia sampuli zenye hewa kama 7%. Nusu zijazwe maji na zikae saa 24 kwenye maji ya nyuzi 60, kisha zirudishwe 25 na kupasuliwa pamoja na zile kavu. Uwiano wa nguvu, yaani za maji kwa zile kavu, usipungue 0.80. Kokoto za graniti hupenda maji kuliko lami, na kemikali zenye amini husaidia hapo. Lakini kokoto zako za maabara zimekaushwa usiku kucha, wakati za mtamboni kwa joto la chini hutoka na unyevu ndani. Uwiano ukishuka kwenye sampuli za mtamboni, usikimbilie kuongeza dozi. Nenda kwanza kwenye rundo la kokoto, uone kama lilifunikwa mvua ilipokuwa inanyesha.