Dresaji na masomo katika mabara mawili: namna ya kupanga mwaka

Kijana anayeshindana kimataifa katika dresaji, mchezo ambao mpandaji na farasi huonyesha majaji miondoko iliyopangwa, huku akisoma mara nyingi hukwamishwa na kalenda kabla hata hajaingia uwanjani. Familia huchagua mashindano kwanza, hulipia, kisha huanza kuhangaika mitihani itapenya wapi. Anzeni upande wa pili. Kuna mambo matatu yasiyosogezeka: tarehe za mitihani, muda wa farasi kurudi katika hali yake baada ya safari ndefu, na chanjo zake. Yaandikwe hayo kwanza. Mashindano yapewe nafasi zinazobaki, hata kama ni chache.

Mitihani na umri

Mitihani ya bodi ya Cambridge ya Uingereza hufanyika Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Ya IB, diploma ya kimataifa ya sekondari, ni Mei au Novemba. Mei na Juni ndiyo miezi ambayo mashindano ya viwanja vya wazi barani Ulaya yamepamba moto, kwa hiyo mgongano huu unajulikana miaka miwili kabla, na hakuna sababu ya kushtukizwa nao. Mwanafunzi hufanya mtihani katika kituo alichosajiliwa. Kuhamia kituo cha nchi nyingine ni jambo la kuombwa mapema kupitia shule; ukisubiri hadi tiketi ya ndege ikatwe, umechelewa.

Wanaosoma kwa mtandao waangalie masomo ya sayansi kwa makini. Katika IGCSE, mtihani wa Cambridge wa ngazi ya chini ya sekondari, kuna karatasi mbadala inayochukua nafasi ya mtihani wa maabara, lakini katika A Level, ngazi ya juu inayofuata, karatasi ya vitendo ni lazima, na huwezi kuifanyia kwenye meza ya hotelini. Tafuteni maabara kabla ya kuchagua masomo.

Wengi huingiwa na hofu kwamba mwaka mmoja ukipita, nafasi imepotea. Haijapotea. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, huhesabu umri kwa mwaka wa kalenda: watoto miaka 12 hadi 14, vijana wadogo 14 hadi 18, vijana wakubwa 16 hadi 21, kisha kundi la chini ya 25 linaloanzia 16. Anayetimiza miaka 18 katika mwaka wa mtihani wa mwisho bado ana misimu mitatu mizima ya vijana wakubwa mbele yake. Ushauri wetu ni kwamba mwaka wa mtihani wa mwisho usiwe na shindano lolote la kimataifa katika wiki kumi zinazotangulia karatasi ya kwanza. Farasi aendelee na kazi nyepesi, na mpandaji apande mara tatu nne kwa wiki kwa ajili ya mwili na akili yake.

Angalia pia mihula. Shule nyingi za kaskazini huanza mwaka Septemba, ilhali nyingi za kusini mwa dunia huanza Januari au Februari. Kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine katikati ya mwaka humfanya mwanafunzi ama arudie nusu mwaka, ama airuke. Kama kuhama hakuepukiki, kufanyike mwisho wa hatua ya masomo, si katikati.

Asafiri nani: wewe au farasi?

Jibu la kawaida liwe wewe. Farasi hulipa gharama kubwa mwilini kwa kila safari ya ndege. Katika kibanda cha ndege, kichwa chake hufungwa juu kwa saa nyingi, hivyo kamasi na vumbi hushindwa kutoka kwenye njia ya hewa, bakteria hushuka mapafuni, na matokeo yake ni homa ya mapafu ya safari, ambayo huweza kuua. Ndiyo maana mhudumu anayeruka naye humwachia ashushe kichwa kila inapowezekana, na nyasi kavu hulowanishwa kupunguza vumbi.

Akilazimika kuruka, fuata utaratibu huu. Pima joto lake asubuhi na jioni kuanzia siku tatu kabla ya safari, ili ujue kiwango chake mwenyewe. Farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.2 na 38.3 za Selsiasi. Endelea kupima mara mbili kwa siku kwa siku tano baada ya kufika. Joto likivuka 38.5, mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Usingoje akohoe, maana kikohozi huja nyuma. Pima maji anayokunywa kwa ndoo, usikisie: farasi wa kilo 500 huhitaji lita 25 kwenda juu kwa siku, na zaidi kwenye joto. Asiyetaka maji mageni huzoeshwa nyumbani kwa kutiwa juisi kidogo ya tufaha kwenye ndoo wiki moja kabla, kisha ladha hiyo hiyo ikatumika kule aendako.

Nyasi zake huenda zisiruhusiwe kuingia nchi ya pili. Uliza mapema nyasi na chakula gani vinapatikana huko, umtafutie vinavyofanana navyo, umchanganyie polepole kwa siku saba hadi kumi. Kubadilisha ghafla huleta msokoto wa tumbo, na msokoto wa tumbo siku mbili kabla ya ukaguzi wa daktari humaliza shindano lako.

Siku tatu za kwanza baada ya kufika ni za kutembezwa kwa mkono tu. Kisha siku mbili za kazi nyepesi, ndipo mazoezi ya kawaida yarejee taratibu. Akitoka baridi kwenda joto, mpe wiki mbili za kuzoea, na mnyoe manyoya ya baridi kabla ya kuondoka.

Nyaraka nazo zina siku zake. Marekani huweka farasi wanaotoka Ulaya karantini ya angalau saa 42 na kuwapima damu. Jike na dume asiyehasiwa kutoka nchi zenye ugonjwa wa zinaa wa farasi huongezewa karantini nyingine ndefu, ilhali dume aliyehasiwa huepuka hiyo. Anayetoka nchi yenye tauni ya farasi ya Afrika huwekwa siku 60. Jambo hilo pekee hutosha kumfanya mpandaji anunue au akodi farasi wa pili upande wa pili badala ya kumrusha wa kwanza.

Chanjo ya mafua ya farasi, kwa kanuni za FEI, isiwe imepita miezi 6 na siku 21 siku farasi anapofika mashindanoni, na isichomwe ndani ya siku 7 kabla ya kufika. Njia salama ni kuichoma mara tu baada ya shindano, siyo kuisukuma hadi kabla ya linalofuata.

Shindano moja hula siku ngapi?

Wengi huhesabu siku ya kupanda tu. Farasi hufika, hukaguliwa na daktari siku moja kabla ya jaribio la kwanza mbele ya majaji, kisha mashindano huendelea hadi Jumapili. Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: farasi akishaingia katika shindano la kimataifa, hapaswi kufanyishwa mazoezi kwa kupandwa na mtu mwingine isipokuwa mshindani mwenyewe. Mtunzaji anaweza kumtembeza kwa hatamu ndefu, lakini kocha hawezi kumpanda kwa niaba yako wakati wewe uko kwenye mtihani Alhamisi. Kwa hiyo shindano moja ni siku nne au tano za shule, ukijumlisha safari. Manne kwa muhula ni mengi mno. Mawili yanatosha, na yasifuatane.

Saa

Saa za darasa la mtandaoni hukosewa zaidi Machi kuliko mwezi mwingine wowote. Chukua mwanafunzi wa shule ya London anayeshindana Florida, ambako msimu wa mashindano wa mji wa Wellington huanza Januari na kuendelea hadi Machi. Kwa kawaida darasa la saa 9 alasiri London ni saa 4 asubuhi Florida. Lakini Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, na Uingereza Jumapili ya mwisho. Kwa wiki mbili au tatu katikati, darasa hilo hilo linaangukia saa 5 asubuhi, pengine wakati farasi ameshatandikwa. Kosa hilo hujirudia kwa wiki moja kati ya Oktoba na Novemba. Andika ratiba yote kwa saa za shule, simu ikufanyie hesabu.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kukatisha usingizi ili kuhudhuria darasa la usiku wa manane huonekana kwanza kwenye tandiko: mkono unachelewa, farasi anasubiri ishara isiyokuja. Omba darasa lililorekodiwa. Mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti, na kuruka kwenda mashariki ni kugumu zaidi.

Kufanya mazoezi bila farasi

Jaribio la dresaji, yaani mpangilio wa miondoko utakaoonyesha majaji, linaweza kukaririwa bwenini. Chora kwa chaki mstatili wa mita 3 kwa mita 1. Ni uwanja wa mita 60 kwa 20 uliopunguzwa mara ishirini. Herufi huonyesha mahali uwanjani: weka A katikati ya upande mfupi na C katikati ya upande mfupi wa pili. Ukitazama C kutoka A, kushoto weka kwa mpangilio K, V, E, S, H, na kulia F, P, B, R, M. Herufi ya kwanza iwe sentimita 30 kutoka kwenye kona, nyingine zifuatane kwa sentimita 60. Duara la mita 20 linakuwa mita 1, linaenea ukuta hadi ukuta. Sogeza kidole kwa kasi ya farasi, ukitamka kila ishara utakayompa na wapi utaitoa. Usitamke jina la zoezi peke yake. Ishara ndiyo hutoweka kichwani mbele ya majaji.

Farasi aliyebaki na kocha arekodiwe mara mbili kwa wiki, kamera ikiwa C ili unyoofu uonekane, na nyingine B ili mdundo na hatua zionekane. Ukirudi, tumia siku tatu nne kwenye mabadiliko ya mwendo na duara kabla ya kudai mazoezi magumu. Farasi amezoea mikono mingine.

Mwisho, dawa. Mwanafunzi anayetumia dawa ya umakini darasani au kipulizi cha pumu aangalie orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni na aombe kibali cha matibabu kabla ya msimu, kupitia shirikisho la nchi yake. Kafeini imo kwenye orodha ya vitu vinavyodhibitiwa kwa farasi, kwa hiyo kahawa na chokoleti za kusomea usiku visiliwe bandani, na mikono ioshwe kabla ya kumlisha.