Maandalizi ya Kipupwe Nyanda za Juu Kusini: Nyumba, Banda na Shamba Kabla ya Juni

Huku Njombe, na zaidi kwa majirani zetu wa Makete, baridi haiji kwa kushtukiza. Mvua zikikatika mwezi Mei mbingu inafunguka, na kati ya Juni na Agosti kuna asubuhi unaamka unakuta nyasi nyeupe kwa sakitu, yaani barafu nyembamba ya alfajiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa mwelekeo wa kipupwe mapema. Pamoja na hayo bado watu wanapoteza kinyungu (bustani ya bondeni) kizima cha viazi kwa usiku mmoja, ndama wanakufa kwa kichomi, na, linaloniumiza kuliko yote, familia zinalala na jiko la mkaa chumbani. Kazi nyingi ninazoeleza hapa ni za Mei. Ukisubiri Julai umechelewa.

Hatua ya 1: Jua baridi inakaa wapi shambani kwako

Usiku mkavu, usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto haraka na hewa iliyo juu yake inapoa. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hutiririka kama maji kuelekea bondeni na kutuama huko. Ndiyo maana vinyungu vinaungua huku shamba la mlimani, mita chache tu juu yake, limesalimika. Pita shambani alfajiri moja ya mwishoni mwa Mei uangalie umande mzito umelala wapi. Hapo ndipo sakitu itakapoanzia.

Ukishapajua, angalia uzio. Ua mnene uliopandwa kukata mteremko, upande wa chini wa shamba, unaizuia hewa baridi isitoke. Fungua nafasi pana upande huo. Bondeni panda vinavyovumilia, kama kabichi, sukuma wiki na vitunguu. Njegere zinahimili pia, ila maua na maganda machanga yanaungua, hivyo pima tarehe ya kupanda. Viazi, maharage, nyanya, maboga na mahindi mabichi vipeleke mteremkoni.

Ukitumia kipimajoto, kiweke karibu na usawa wa mimea. Kikining'inia ukutani usawa wa kichwa kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 wakati majani yaliyo chini yameshaganda.

Hatua ya 2: Miparachichi michanga

Watu wengi sasa wana parachichi aina ya Hass, na mche wa mwaka wa kwanza au wa pili hauna uwezo wa kupambana na sakitu. Acha mbolea ya naitrojeni, yaani Urea na CAN, tangu mwezi wa nne, ili mti usiingie Juni ukiwa na machipukizi laini. Kisha simika nguzo nne kuzunguka mche na ujenge kibanda cha nyasi: paa, na kuta za mashariki, magharibi na kusini. Upande wa kaskazini uache wazi, maana miezi hii jua letu linapita kaskazini na mche unahitaji mwanga wake. Nyasi zisiguse majani. Hakikisha sehemu ilipounganishwa mche, pale Hass ilipopandikizwa juu ya shina jingine, imekingwa vizuri. Hapo pakifa, shina litakalochipua chini yake si Hass tena.

Kuhusu matandazo, najua tumefundishwa kutandaza kila mahali, na kwa kutunza maji ni sahihi kabisa. Lakini usiku wa sakitu matandazo yanazuia joto la udongo lisipande kwenye majani. Wakati wa hatari yasogeze pembeni, palilia magugu, na umwagilie mchana. Udongo wenye unyevu na usiofunikwa hubeba joto la mchana kuliko udongo mkavu, na kulitoa polepole usiku. Baridi kali ikipita, rudisha matandazo yako.

Hatua ya 3: Soma anga jioni

Hii ndiyo kazi ya kila siku kipupwe chote. Saa kumi na moja jioni toka nje. Kama kuna mawingu, au upepo unavuma, lala bila wasiwasi hata kama unasikia baridi. Kama anga ni safi, upepo umekufa na hewa ni kavu, funika vitalu vya miche kwa nyasi au magunia juu ya vichanja kabla jua halijazama, joto likiwa bado ardhini. Asubuhi funua jua likishapanda.

Sipendekezi kuchoma nyasi ili moshi ukinge shamba. Moshi hauzuii joto kupotea kama watu wanavyodhani, na kwa ukame wa miezi hii moto huo unaweza kuishia kwenye miti ya jirani. Badala yake, Mei safisha njia ya kuzuia moto kuzunguka nyumba na shamba la miti, hadi udongo uonekane.

Hatua ya 4: Banda

Ng'ombe mkubwa wa maziwa anavumilia baridi kuliko tunavyofikiri, mradi awe mkavu, ashibe, na upepo usimpige. Ziba upande upepo unakotokea kwa mabanzi au nyasi, lakini juu chini ya paa acha hewa ipite. Banda lililozibwa kote linajaa harufu ya mkojo inayowasha macho, na hewa hiyo ndiyo inayofungua njia ya kichomi. Hei (majani ya malisho yaliyokaushwa) na mabua vihifadhiwe mapema, kwa sababu matete yakipigwa na sakitu hukauka na lishe inapungua.

Ndama ndiye wa kuangaliwa sana. Weka maranda makavu au makapi ya maharage, yawe mengi kiasi cha miguu yake kuzama akilala. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa usiyatumie. Kupima ni rahisi: piga goti kwenye matandiko kwa nguvu, uhesabu mpaka ishirini. Suruali ikiloa, badilisha yote leo hii. Maziwa mpe yakiwa na joto la mwili.

Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza takriban nyuzi 3 kila wiki. Waangalie wenyewe: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia kingo wamezidiwa na joto, wakisambaa na kula umepatia.

Hatua ya 5: Nyumba

Kuni zipasuliwe mapema na kupangwa juu ya magogo, chini ya paa, pembeni kukiwa wazi. Miwati iliyokauka inatoa moto mzuri. Kuni mbichi inamaliza joto lake kukausha maji yake yenyewe. Ziba uwazi kati ya ukuta na bati kwenye vyumba vya kulala, ila jikoni paache patoe moshi. Kama huna fedha ya kuweka dari nyumba nzima, anza na chumba cha watoto na cha wazee.

Na sasa naomba tusikilizane. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata dakika chache za "kupasha chumba" milango ikiwa imefungwa. Mkaa uliokolea bila moshi hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitali. Kwa mtoto au bibi, chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa kinene miguuni, na blanketi la ziada, vinatosha.

Hatua ya 6: Sakitu ikishapiga

Usikimbilie panga. Matawi ya mparachichi yaliyokauka yaache mpaka machipukizi mapya yaonyeshe mti umekufa kuanzia wapi; ukikata mapema utaondoa hata yaliyo hai. Viazi ambavyo tayari vimezaa vikubwa viache ardhini kama wiki mbili ngozi ikomae, ndipo uchimbe. Na kama una mtama wa malisho, usiwape ng'ombe ukiwa umetoka kupigwa na sakitu: majani yake hutengeneza sumu ya sianidi. Subiri walau wiki moja mpaka ukauke kabisa, na machipukizi yatakayotoka baadaye chini ya shina uyaepuke pia, kwa kuwa sumu yake ni kali zaidi.