Jinsi ya kutofautisha makazi na mfumo ikolojia kwa kuchora mikoko

Nimewaelekeza wanafunzi wengi hii mada na naona anayekariri maana anachanganya tu siku ya mtihani, anayechora hasahau. Chukua penseli na karatasi, picha za kudownload achana nazo.

Hatua ya 1: Chagua kiumbe mmoja, mmoja tu. Mimi napenda kaa wale wadogo wa kwenye mikoko, nenda Gazi kule pwani ya Kenya au delta ya Rufiji Tanzania, maji yakishakupwa utawaona wanaingia na kutoka mashimoni.

Hatua ya 2: Andika anaishi wapi na pakoje. Tope laini, maji chumvi yanayojaa na kupwa, kivuli cha miti. Hayo ndo makazi yake.

Hatua ya 3: Chora mishale, na hapa usikimbilie maana ndo wengi wanakwama. Kaa anaburuta majani yaliyodondoka mpaka shimoni anayala, mabaki na kinyesi chake vinaozeshwa na bakteria, virutubisho vinabaki kwenye tope, mkoko unavinyonya unatoa majani mengine, halafu tope lile lina hewa kidogo sana kwa hiyo mashimo ya kaa yanasaidia maji na hewa kufika kwenye mizizi. Mzunguko huo wote pamoja na jua, chumvi na maji ndo mfumo ikolojia. Ukichora nani anamla nani ukaishia hapo, umechora mtandao wa chakula tu, visivyo na uhai lazima viwemo. Na tafadhali usipime kwa ukubwa! Kidimbwi kidogo kinaweza kuwa mfumo ikolojia kamili, wakati makazi ya nyangumi wanaokuja pwani yetu kuzaa yanaanzia huko bahari baridi za kusini. Tena sehemu moja inaweza kuwa vyote, mizizi ya mkoko ni makazi ya chaza na papo hapo mkoko wenyewe ni mshiriki kwenye mfumo, so jiulize unaongelea nani anaishi wapi, au vitu vinategemeanaje.

Hatua ya 4: Futa kaa wote. Tope lipo, kivuli kipo, makazi yao yamebaki matupu, ila majani mengi sasa yanasombwa na maji na hewa chini inapungua, yaani mfumo umeshabadilika. Rudia kwa kufuta maji kujaa na kupwa, uone kwa nini miche ya mikoko ikipandwa mahali ambapo barabara imeziba mkondo inakauka hata kama tope linaonekana zuri.