Gari inaamka vibaya asubuhi? Usiipeleke kwa fundi ikiwa ya moto

Wengi wetu tunaendesha IST, Vitz, Fit, Note, gari zilizotembea sana kabla hazijashuka bandarini, na huu ugonjwa uko kila mtaa. Gari ikilala usiku au ikikaa siku mbili tatu, ukiwasha staata inazunguka weee, ikiwaka inatetemeka, inamisi (silinda moja au zaidi haichomi vizuri), kama inataka kuzima, halafu baada ya nusu dakika imetulia na siku nzima haina shida. Ukiifikisha gereji fundi anawasha mara moja tu anakwambia gari yako nzima hii, au anabadilisha plagi na koili zote na kesho yake asubuhi hali ni ileile. Ugonjwa uko kwenye zile sekunde za kwanza injini ikiwa baridi, ukishaendesha mpaka gereji umeshaufuta. Kwa hiyo pima nyumbani asubuhi kabla ya kuwasha, au iache ilale kwa fundi na umwambie kabisa asiiguse mpaka awe na vifaa mkononi.

Betri kwanza kwa sababu ni rahisi. Chukua mita, pima kabla hujawasha chochote: volti 12.6 imejaa, ikiwa chini ya 12.2 iko nusu au pungufu. Mwenzako apige staata huku unaangalia mita, ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka au vichwa vyake vina ule unga mweupe, visafishe kwanza. Ila betri mbovu inafanya staata izunguke kivivu, kama inazunguka kwa nguvu zote ila injini haishiki, achana na betri.

Sasa mafuta, na hapa ndipo wengi wanapotibiwa sipo. Ndani ya pampu kwenye tenki kuna kivalvu kidogo kinachozuia petroli isirudi nyuma ukizima gari. Kikichoka, usiku kucha presha inashuka, asubuhi pampu inaanza kusukuma upya. Kwa Honda au Nissan weka swichi ON bila kupiga staata, utasikia pampu inalia kidogo kule nyuma kisha inanyamaza, zima, rudia mara tatu, halafu ndio uwashe. Ikiwaka vizuri kabisa siku hiyo, presha ndiyo ilikuwa inakimbia. Toyota nyingi usizipime hivi maana pampu yake haizunguki mpaka staata izunguke, kwa hizo tumia mashine ya kupimia yenye uwezo wa kuwasha pampu peke yake, au fundi afunge geji kwenye laini ya mafuta. Kwa Toyota nyingi za petroli za kawaida unataka presha ya 44 mpaka 50 psi, na ukizima, baada ya dakika 5 isiwe imeshuka chini ya 21. Ikishuka, sio lazima iwe pampu, inaweza kuwa nozeli (kile kinachopulizia petroli kwenye injini) inadondosha petroli ndani ya silinda. Tofauti yake utaiona: nozeli inayovuja inatoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli pale inapowaka. Na tafadhali, laini ya mafuta isifunguliwe karibu na mtu anayevuta sigara au jiko la mkaa, hili nimeliona sana na linanitisha.

Kama inawaka haraka lakini inazima usipokanyaga pedali ya mafuta, fungua throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) usafishe ule weusi, na kagua mipira ya hewa kama imepasuka. Pia kile kidude kidogo cha OBD cha bluetooth, kinachochomekwa kwenye gari na kuonyesha taarifa za kompyuta yake kwenye simu, kina kazi nzuri sana asubuhi: weka ON bila kuwasha, soma joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia. Gari iliyolala usiku mzima hizo namba mbili lazima zikaribiane. Hewa ikisoma nyuzi 27 na maji yanasoma 70, sensa ya maji inadanganya, kompyuta inadhani injini ni ya moto na inapunguza petroli.

Moshi uangalie pia. Wa bluu unaotoka mara ya kwanza tu halafu unapotea mara nyingi ni valvu sili (vimpira vinavyozuia oili kwenye valvu) zimechoka, oili imeshuka taratibu ndani ya silinda usiku. Inakera lakini sio dharura, angalia kiwango cha oili mara kwa mara.

Mweupe ndio unaonipa wasiwasi. Asubuhi ya baridi mvuke kidogo ni kawaida, ila moshi mzito, wenye harufu tamutamu, gari inamisi silinda moja (mashine inasoma kodi ya hitilafu kama P0302, yaani silinda ya pili), na kulanti (kimiminika cha kupozea injini) inapungua bila tone chini, hapo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, inavujisha maji ndani ya silinda. Thibitisha hivi: jioni injini ikiwa imepoa, fundi ajaze presha kwenye rejeta kwa pampu ya mkono, aiache mpaka asubuhi, kisha atoe plagi kabla ya kuwasha. Plagi moja itakuwa imelowa, au imeoshwa nyeupe safi wakati wenzake wana rangi ya kahawia. Plagi zikiwa nje na soketi za koili na nozeli zimechomolewa apige staata, msisimame mbele ya matundu, maji yataruka kutoka ile silinda yenye shida.

Ukiona hivyo usiendelee kuiwasha kila asubuhi ukisema inatulia yenyewe. Maji hayabanwi, yakijaa silinda siku moja pistoni inapanda inagonga, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda, na hapo unatafuta injini nyingine. Na ukibadilisha gasketi hakikisha hedi inapimwa kwa rula kama imepinda na inapelekwa mashineni kama inahitaji, boliti zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) sio kwa kukisia, halafu weka kulanti, sio maji ya bomba, maana kutu ya maji hayo ndiyo inayokula hedi ya alumini pole pole. Malizia kumlipa fundi baada ya gari kulala usiku mzima na kuwaka asubuhi mkiwa wote wawili mnaisikiliza.