Ukitaka muvi au gemu ikutishe kweli, anza na masikio

Wadau ngoja niwape hii chapchap, watu wengi wanaangalia muvi ya kutisha mchana kweupe, sauti ya tivii inapigana na feni na kelele za jirani, afu wanalalamika mbona haitishi. Vaa hedifoni. Siriazi, woga mwingi unapitia masikioni, lile zimwi lenyewe ukishaliona vizuri mara mbili tatu unalizoea, unaanza hadi kutafuta zipu ya nguo waliyomvalisha mtu.

Chukua gemu ya kutisha ya Silent Hill, ile ya kwanza, ya PlayStation, 1999. Mashine haikuwa na nguvu ya kuchora mji mpaka mbali, jamaa wakafunika na ukungu na giza, na ule ukungu ndo ukawa utamu wenyewe maana huoni mbele, afu una karedio kanakoanza kukwaruza kiumbe kikikaribia, we unasikia tu krrrr, hujui kinatokea upande gani, umeganda hapo na padi mkononi. Hapo ndo moyo unaenda mbio, si pale kinapokurukia.

Kwa hiyo kwenye gemu usipandishe mwanga wa skrini mpaka kila kona ionekane (najua mnafanya hivyo, hata mi nilikuwa nafanya), gemu ikikuambia mwanzoni punguza mwanga hadi alama ya kwenye skrini ionekane kwa mbali, punguza kweli. Na ikizidi sana usifumbe macho bana, zima sauti tu, utashangaa zimwi linavyogeuka katuni.