Kukodi katamarani Unguja hadi Pemba: maneno ya mpishi wa chombo

Mimi si nahodha, ni mpishi. Nimezaliwa Mkoani, Pemba, na huu ni msimu wa kumi na moja napika ndani ya katamarani za kukodi, zile boti za matanga zenye miili miwili, kama ngalawa iliyopata utajiri. Zamani abiria wetu walikuwa wageni wa Ulaya watupu. Siku hizi napokea watu wa Dar na Arusha, ndugu wanane waliochangiana, akina mama wa kikoba waliovunja mfuko wakaamua fedha ziende baharini. Wanakuja na ratiba imeshapigwa chapa: Jumatatu kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, Jumanne kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, Jumatano rasi ya Kigomasha, kaskazini ya Pemba. Inapendeza, ila haina upepo wala mwezi ndani yake.

Anza na upepo. Kaskazi huvuma tangu Disemba mpaka Machi, kusi huingia na masika na kukaa mpaka Septemba hivi. Katikati yake ndiyo maleleji, bahari inapolala. Ukiniuliza mimi, chagua Oktoba mpaka kabla mvua za vuli hazijashika, au mwisho wa Februari. Aprili na Mei waachie wavuvi. Mvua yake si ya utalii, na mwaka 2024 mwanzoni mwa Mei tulipata hata kimbunga, Hidaya, kilichoingia upande wa Mafia, sisi ambao wazee wetu walituambia vimbunga ni vya Madagaska.

Lakini jambo linalowapoteza wengi ni mkondo. Maji ya pwani yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hukimbia zaidi. Maana yake ni kwamba Julai utafika Pemba umebebwa, unacheka, unapiga picha, halafu siku ya kurudi upepo uko usoni na mkondo uko usoni, na safari iliyokuwa ya saa tano inakula mchana mzima kwa injini, au kwenda bisho, kupindapinda dhidi ya upepo, mpaka watoto watapike. Kaskazi ni kinyume: jasho la kwenda, raha ya kurudi, ingawa mkondo bado unakuvuta koti. Kwa hiyo siku yako ya akiba iweke upande wa jasho. Kusi, akiba iwe ya kurudi. Kaskazi, iwe ya kwenda. Wengi huitia mwanzoni kabisa, wakishangaashangaa Forodhani, kisha siku ya sita wananiuliza kama helikopta zipo.

Sasa mwezi. Nitakueleza kisa kimoja, nahodha wake simtaji, na alikuwa mgeni wa maji yetu. Tulifika nyuma ya kisiwa kimoja cha Pemba saa kumi na nusu jioni. Maji ya kijani, mchanga mweupe chini, kipimo kinasoma mita 4. Boti ile ilihitaji mita 1 na sentimita 20 tu ili ielee. Akatia nanga, akavua miwani. Mimi nilikuwa napiga pweza kwenye ngazi ya nyuma, nikatazama juu, nikamuuliza, "Nahodha, leo si mwezi kumi na tano?" Akanijibu, "Bi Mpishi, wewe angalia pweza wako."

Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na kupwa kabisa karibu na saa nne na nusu, asubuhi na usiku. Na hushuka karibu mita 4. Basi hesabu mwenyewe. Saa mbili usiku, nikiwa napakua wali, nilisikia kitu kama kiti kikiburuzwa sakafuni, kisha kimya. Tumekaa juu ya mchanga kama bata. Kwa kuwa chombo cha miili miwili hukaa wima, hata mchuzi haukumwagika, na abiria wawili walishuka wakatembea kuzunguka boti na tochi. Tukaelea tena saa saba usiku. Kama pale chini pangekuwa mwamba badala ya mchanga, ningekuwa nasimulia kingine.

Unaona mtego ulipo: saa ile ile ambayo kila mtu anapenda kutia nanga, jioni kabla jua halijazama, ndiyo saa maji ya bamvua yako juu kabisa na yanakudanganya. Kabla ya kulipa amana, fungua kalenda ya mwezi uone tarehe zako zimeangukia wapi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, katikati ni maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Maji mafu ni mazuri kwa wanaotaka kuogelea na kuangalia matumbawe, kwa sababu mikondo hupungua na maji hayachafuki sana. Bamvua ina zawadi zake pia: mafungu ya mchanga kama Nakupenda, karibu na Changuu, hujitokeza wazi asubuhi, na milango ya Pemba huingilika kwa saa nzuri.

Hilo la milango nalieleza kidogo. Upande wa magharibi wa Pemba umezungukwa na mwamba na visiwa, na unaingia ndani kupitia mapengo, kama Njao na Fundo. Ukiingia unatazama mashariki. Asubuhi jua liko machoni, mwamba huuoni, unaona kioo tu. Subiri jua lihamie mgongoni, kuanzia saa saba, na maji yawe yanajaa, ili ukigusa uinuliwe badala ya kuachwa. Siku za bamvua vitu hivyo viwili hukutana mchana, kama vimepangiwa miadi. Kutoka ni asubuhi, ili jua liwe mgongoni vilevile.

Kuhusu boti yenyewe, katamarani za kukodi hapa si nyingi, na karibu zote hukodishwa pamoja na nahodha na mpishi. Usijaribu kuwapunguza ili bei ishuke. Muulize mwenye boti leseni ya chombo kutoka Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, uione kwa macho. Uliza dizeli ni juu ya nani, maana hapa ndipo ugomvi wa siku ya mwisho unapozaliwa. Uliza kama ada za hifadhi zimo, kwani Mnemba, Misali na Ghuba ya Menai zote zina zake. Uliza redio inafanya kazi, na majaketi ya kuokolea mangapi ni ya watoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Na vitanda vinane maana yake ni watu wanane, si wanane na binamu wawili watakaolala kwenye nyavu ya mbele. Sisi watu wa Pemba tangu Septemba 2011, ilipozama Spice Islander ikiwa imejaza kupita kiasi, hatucheki na hesabu ya vichwa. Wenzenu wanaotoka nje ya Tanzania waambieni pia kwamba tangu Oktoba 2024 wanatakiwa kuwa na bima ya Zanzibar, dola 44, wailipie kabla ya kupanda ndege.

Njia ninayoipenda kwa wiki moja ni hii. Siku ya kwanza msiende mbali. Pandeni Mji Mkongwe, laleni kisiwa cha Bawe, hapo karibu na mji, mjue choo cha boti kinavyopigwa pampu na nani anakoroma. Siku ya pili pandisheni Kendwa au Nungwi, kama maili 27 za baharini, mkiipita Tumbatu mkono wa kulia. Kisiwa cha Chumbe kiko upande wa pili, kusini, na nanga hairuhusiwi kwenye mwamba wake. Wanaotaka kukiona wakitembelee siku nyingine kwa utaratibu wa hifadhi.

Siku ya tatu ndiyo kubwa. Kutoka Nungwi hadi Misali ni kama maili 33. Nahodha mzuri hung'oa nanga saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaamka, na kwa mwendo wa maili 6 au 7 kwa saa mko Misali kabla ya Adhuhuri. Bahari ya Nungwi ina wimbi la kukata, fupi na la ubavuni, hata siku ambayo pwani ni shwari. Usiku wa kuamkia siku hiyo sipiki nazi wala kukaanga. Asubuhi natoa ndizi mbivu, mkate mkavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa, na namkataza kila mtu kushuka chini vyumbani kutazama simu.

Misali ipeni siku mbili. Wazee husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika akaomba msala wa kuswalia, watu hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki kitakuwa msala wangu, kwa vile kimeelekea kibla. Mkikuta wavuvi wamepiga dago, kambi yao ya muda, ufukweni, salimieni kwanza, piga picha baadaye, na kama samaki wapo nunueni kwao. Mwamba hapa hushuka ghafla kama ukuta, kwa hiyo nahodha anatafuta kipande cha mchanga cha kutia nanga, na akichukua nusu saa kukitafuta mwacheni. Kisha Njao au Fundo siku moja, ndani ya maji yaliyotulia kama ya kisimani, halafu kurudi. Mnemba naiacha kwa makusudi: kisiwa chenyewe ni cha hoteli, hamtashuka, na wiki moja haitoshi kwa pande zote mbili.

Maji ya kunywa na kuogea ndiyo vita yangu ya kila safari. Tangi la lita 700 kwa watu wanane ni siku nne kama kila mtu anatumia lita 20, na hakuna anayetumia 20 siku ya kwanza. Ogeni baharini kwa sabuni, suuzeni kwa kikombe. Mkoani tunajaza tena, na mimi napata nafasi ya kuingia sokoni kwa ndimu, nyanya na mkate wa ajemi wa moto. Chukueni fedha taslimu za kutosha tangu Unguja.

Vijijini, Kojani au Tumbatu au kwingine, usiteremke na nguo ya kuogelea. Kanga moja kiunoni na moja mabegani, na nahodha atangulie kwa sheha, mkuu wa eneo lile. Kama ni Ramadhani, chakula cha mchana kinaliwa ndani ya boti, si gatini mbele za watu.

Usiku wa mwisho mrudi Bawe, hata kama upepo unawaambia mbaki Kendwa siku moja zaidi, maana ndege na boti za Dar hazingoji mkondo. Mimi usiku huo hupika samaki wa kupaka kwa nazi zote zilizobaki, na napima tangi kwa kijiti nione nani alisema kweli.